Bi Mboni na Hema la Kifuu

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mchokaani, walio hai na waliotangulia kwa kuchoka kusubiri, kwamba kuanzia leo samaki aitwaye kifuu, mwenye urefu wa kidole gumba na milia mitatu myeusi juu ya mwili mweupe, ni mheshimiwa. Hatabughudhiwa, hatakaangwa, wala hatatishwa kwa kivuli. Nyumba yake ni matumbawe, na matumbawe hayo ni mali ya kijiji, ya taifa, ya dunia nzima na hasa ya mradi. Na kwa kuwa kila mheshimiwa sharti awe na mama, Bi Mboni binti Shekhe, mjane, mkazi wa hema, ameteuliwa bila kupingwa kuwa Mama Mlezi wa Kifuu.

Hakupingwa kwa sababu hakuulizwa. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya hema lake naye akiwa ndani, nyuma ya pazia, katika nguo nyeupe za eda. Jinsi mwanamke aliyeng'oa matumbawe ujana wake wote alivyoishia kuwa mama wa samaki ni habari ndefu kidogo, na ndani yake yumo mtu mmoja aliyekufa mara mbili kwa siku moja.

Ukitoka Tongoni ukaelekea kusini kwa njia ya mikokoni, unafika Mchokaani kabla hujajua kama umefika. Jina lenyewe linaeleza kazi. Vizazi na vizazi watu wa hapo waling'oa matumbawe baharini, wakayapanga juu ya magogo ya minazi, wakatia moto, wakapata chokaa. Chokaa hiyo ilipaka misikiti ya pwani yote, na wamisheni nao walipokuja wakapaka kanisa kwa hiyohiyo. Mungu wa pande zote mbili aling'arishwa kwa nyumba za kifuu, na hakuna upande uliolalamika.

Kifuu ana tabia moja, na ndiyo iliyommaliza. Anaishi kwa kundi juu ya kichaka kimoja cha matumbawe, wanapanda na kushuka kama wali kwenye maji yanayochemka. Kikipita kivuli, kiwe cha samaki mkubwa kama kolekole au cha binadamu, kundi zima linazama ndani ya matawi, kila mmoja na upenyo wake. Hawakimbilii pengine. Pengine ni mchanga mtupu, na kwenye mchanga kifuu ni kitafunwa. Kwa hiyo mtu akichomeka mtalimbo, akaking'oa kichaka na kukinyanyua mpaka juu ya maji, wenyewe bado wamo, wamejibana zaidi, wanaitegemea nyumba. Watoto wa Mchokaani walikuwa wakiwachokoa kwa vijiti ufukweni na kuwaokota kama tende. Waliobaki ndani walikwenda tanurini.

Mboni alipoolewa na Idarusi ndipo alipoingia kazi hiyo. Maji yakitoka sana wakati wa bamvua walikwenda wote wawili, mume na mtalimbo, mke na tenga. Na mke alikuwa na desturi ambayo wanaume wa kitongoji waliifanya kichekesho cha barazani: kabla ya kukitoa kichaka majini alikishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akasema, "Hodi, wenyewe. Tokeni."

"Watakuitika karibu," Idarusi alimwambia siku ya kwanza.

"Nimewaambia watoke, sijawaambia wanikaribishe."

"Unamwomba mtu ahame na wewe umeshamkamata na dari?"

Baadhi yao walitoka kweli. Walizunguka kidogo, wakaona mchanga ulivyo mpana, wakarudi ndani.

Kwa mawe na chokaa ya kazi hiyo Idarusi alijenga nyumba yao, safu ya mbele kabisa, mlango ukitazama bahari. Kuta zake zilikuwa nene hivi kwamba hata mwezi wa Februari ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungini. Walizaa humo, wakazika mtoto mmoja, wakaoza mwingine. Huyo aliyebaki anakaa Mabawa, mjini Tanga, na mke, mama mkwe na watoto katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Serikali ilipopiga marufuku kung'oa matumbawe, Idarusi aliuza tanuri lake, kwa maana ya kwamba aliliacha palepale na kuanza kuvua pweza. Mchana mmoja akiwa mwambani alianguka akiwa ameshika mkuki. Upande wa kushoto ulikufa wote, kuanzia uso mpaka kidole cha mguu. Jicho la upande huo lilibaki wazi, halifumbi, hata akilala usingizi wa kukoroma.

Maneno nayo yalimpungukia kidogo kidogo. Lakini kabla hayajamwisha, alimshika mkewe mkono kwa ule wake mzima akamwambia jambo moja. "Nisife kwa watu, Mboni. Nifie humu."

"Utafia humu," Mboni akasema. Kwa nini asiseme? Nyumba ilikuwepo, mume alikuwepo, na kufa hakuna foleni.

Kisha ukaja mradi.

Mradi ulikuja na msichana anayeitwa Precious, wa Lushoto, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri, aliyekulia kwenye baridi na kabichi na ambaye alipenda bahari kama mtu apendavyo kitu ambacho hakijamfanyia ubaya. Alizama na kioo chake usoni, akahesabu kifuu, akatoka analia. Watu wa mjini wakamsikia. Watu wa mbali zaidi wakawasikia watu wa mjini. Ikaamuliwa, huko ambako mambo huamuliwa, kwamba safu ya mbele ya nyumba za Mchokaani itavunjwa. Mahali pake patajengwa kituo cha kuwaelimisha wakazi kuhusu thamani ya makazi. Makazi ya samaki, yaani. Kifusi kitashushwa baharini kiwe nyumba mpya za kifuu, kwa sababu mawe yenyewe yalitoka huko na ni haki yarudi. Fidia ilikuwa njiani. Bado iko njiani. Inaonekana ilipitia Arusha.

Precious hakuwa mtu mbaya. Alikuja nyumba kwa nyumba akaeleza kwa upole, akapiga magoti kuamkia wazee. Watu walimpenda hata wakamwonea aibu kumkatalia. Nyuma yake akapita kijana mwenye kopo la rangi nyekundu, akachora X ukutani.

Mboni aliisoma ile X ikiwa bado mbichi. Akaingia uani, akakoroga chokaa iliyobaki kwenye pipa tangu enzi za tanuri, akaipaka juu ya alama. Kijana akarudi kuchora. Mboni akapaka tena. Wakaendelea hivyo hata ukuta ule ukawa mweupe kuliko wa zahanati, na mtu anayepita njia akadhani hapo panatarajiwa harusi.

Wengine wote wa safu ile wakahama. Wakang'oa mabati, wakabeba milango kichwani, wakaenda kwa ndugu. Aliyebaki ni Mboni na mgonjwa wake. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji, Luqmani, akaja kuzungumza. Luqmani ni mtu anayependa amani kiasi kwamba hukubaliana na kila aliyezungumza naye mwisho.

"Shikamoo, Bi Mboni."

"Marahaba, baba. Karibu. Ila usiegemee ukuta, haujakauka."

"Mgonjwa aonaje?"

"Leo kanywa uji, kikombe kizima."

"Kizima?"

"Kakomba na chini."

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa kwenye kigoda kama aliyetuliwa gunia mabegani. "Sasa Bi Mboni, mimi nakutetea. Nimekutetea mpaka wenzangu wananiuliza nimekuoa. Lakini wanasema mgonjwa si hoja, mgonjwa anabebeka. Ingekuwa..." Akaanza kuchunguza kandambili zake.

"Ingekuwa nini?"

"Ingekuwa ni eda, hakuna wa kukugusa. Mjane hatolewi nyumbani mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Hata huyu binti wa mradi nimemfahamisha. Amesema hilo wataliheshimu, ni utamaduni."

"Kwa hiyo mnamngoja afe."

"Hatumngoji, mama. Tunamwombea."

"Mnamwombea nini?"

"La kheri."

"Lipi sasa, hapo kwenye kheri?"

Luqmani akaomba maji ya kunywa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Idarusi mzima hakuwa na nguvu ya kuilinda nyumba yake hata kwa nusu saa. Idarusi maiti angeilinda kuliko mahakama. Na mkewe alichotaka ni kwamba nyumba isimame mpaka mzee apate kufa, ilhali majirani walitaka mzee afe ili nyumba isimame. Maneno yale yakatembea kitongoji kizima, na kitongoji kikaingiwa na huruma ya ajabu. Watu ambao hawakuwa wamemjulia hali tangu aanguke wakaanza kuja na mbata, na nazi za kunywa, wakikaa kitandani kwake na kumtazama kwa mapenzi makubwa, kama watu wanaotazama chungu jikoni. Wakitoka walimwambia Mboni, "Naona amepungua." Yeye aliwajibu, "Amenenepa." Wakaondoka wamesikitika.

Dada yake Idarusi, Tausi, alikuja kutoka Mwera kuaga kaka yake baada ya kupigiwa simu na watu ambao hawakupaswa kuwa na namba yake. Alifika jioni, taa haijawashwa, akala, akalala. Asubuhi yake ndiyo kijiko, ile mashine ya kubomolea, kiliingia Mchokaani.

Dereva wake aliitwa Castory, mzaliwa wa kambi za mkonge upande wa Muheza, Mkatoliki, na rozari ilining'inia ndani ya kile kibanda cha vioo ikigonga kila mashine ilipotikisika. Alianza na nyumba zilizohamwa, upande wa mbali. Kuta zilikuwa ngumu. Zilipoanguka vumbi jeupe lilitanda hata mbuzi wa Luqmani wakawa wa rangi moja. Mboni alikwenda kisimani mapema, akijua kwamba mashine ikishafika karibu hatathubutu kutoka. Akamwacha wifi yake na mgonjwa.

Tausi aliingia chumbani na kikombe cha chai. Akamwona kaka yake amelala kinywa wazi, jicho moja limemkodolea, limetulia, halipepesi. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya jicho hilo. Akamwita. Kijiko nje kilikuwa kikinguruma, hata angeitika asingesikika. Akamshika mguu uliokuwa karibu naye, ukawa baridi na mzito. Akaubonyeza, haukujibu. Chai ikaanguka, na Tausi, ambaye sauti yake hukodiwa kwa misiba kutoka Pangani mpaka Mkwaja, akapiga ukunga.

Habari ambayo kila mtu anaisubiri haina mkaguzi. Luqmani aliusikia ukunga akiwa kwa Castory, akamfanyia ishara azime mashine. Castory akazima, akavua kofia. Mtu akakimbilia msikitini, na kabla Tausi hajapumua mara ya pili spika ya msikiti ilikuwa ikitangaza kwamba Idarusi bin Kombo hatunaye tena. Vijana wakachukua majembe, na walivyokwenda kwa furaha makaburini ungedhani wanakwenda kuchimbua hazina. Mtu akampigia Precious mjini, naye akalia, akasema kazi isimame, eda iheshimiwe, wageni wa mradi wanaotarajiwa kesho wataonyeshwa sehemu nyingine.

Mboni alikuwa njiani, ndoo kichwani. Alisikia ukunga. Kisha akasikia kijiko kimenyamaza, na ukimya huo ulimwingia kuliko ukunga. Kisha jina la mume wake likapita angani kwa sauti ya muadhini. Akasimama. Kitu cha kwanza kilichomjia, kabla ya Inna lillahi, kabla ya chozi, kilikuwa hiki: nyumba imepona. Akajisikia amefikiri hivyo. Akaitua ndoo taratibu asimwage maji, akakaa chini pembeni yake kwenye mchanga wa njia, na hapo ndipo kilio kilipokuja, na haikujulikana alilia la mume au alilia la fikra ile.

Ardhi ya makaburini Mchokaani ni mwamba mtupu. Majembe yalirudi yamekunja meno. Castory, akiona watu wanateseka, akapendekeza kwa adabu kwamba mashine ipo na mafuta yapo. Imamu akafikiri. "Dini haijakataza," akasema. "Ila aibu imekataza." Wakaendelea kwa mitalimbo, ile ile ya kung'olea matumbawe, na kaburi likapatikana, zuri, lenye mwanandani wa kumlazia maiti ulionyooka.

Nyumbani maiti akalazwa juu ya kitanda cha kuoshea, akafunikwa shuka. Muoshaji, mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka, akasema bismillahi, akachota maji ya kisima kwa kata, akayamimina upande wa kulia.

"Baridi," akasema Idarusi.

Muoshaji alitoka kwa dirisha. Lile dirisha ni dogo na lina nondo moja katikati, na mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza alipitaje na kata mkononi.

Mboni alikuwa wa kwanza kuingia. Alimfunika mume wake, akamkausha, akamwinua kichwa. Tausi alisimama mlangoni. "Nilimwita, wifi. Wallahi nilimwita."

"Ulimshika wapi?"

"Mguu. Huu hapa."

"Huo ulikufa zamani, wifi yangu. Umeulilia bure."

Sasa, kaburi likishachimbwa halirudishwi tupu. Hilo hata watoto wanalijua: kaburi lililofunguliwa likakosa mtu litamtafuta mtu. Ikabidi ukatwe mgomba, gogo lenye urefu wa mwenye kaburi, ukalazwa mwanandani, ukafukiwa. Waliokuwapo wanasema walioshika majembe walikuwa na nyuso za huzuni ya kweli kuliko walivyokuwa mwanzo. Vuli ile mgomba ulipata mazishi yenye watu wengi kuliko mazishi ya diwani.

Luqmani alirudi kwa Mboni baada ya adhuhuri. Hakukaa.

"Bi Mboni, kama ulivyoona."

"Nimeona."

"Mzee yupo, kwa hiyo eda haipo. Na huko mjini wamesharudi kusema kazi iendelee, wageni wanakuja kesho. Hawa wageni wametoka mbali."

"Nipe mpaka afe, Luqmani. Ni hilo tu. Mmeshamwona alivyo. Nipe nyumba mpaka afe, halafu njooni hata usiku, mimi mwenyewe nitawashikia taa."

Luqmani alitazama bahari. "Asubuhi ulipata, mama," akasema. "Hukubahatika."

Aliyasema bila ubaya wowote. Mboni aliingia ndani, akafunga mlango, akatia komeo. Tausi alikuwa nje, akabaki nje. Ndani Mboni alikaa kitandani miguuni kwa mume wake akasikia mashine inawashwa, rozari inagonga kioo, minyororo inasaga kokoto. Nyumba ya jirani ikaenda. Wakamwita kwa jina, wakamwita mama, wakamwita bibi. Mkono wa kijiko ulipopita mbele ya dirisha chumba kikawa giza kisha kikawa cheupe, naye akainuka, akamburura Idarusi na godoro lake mpaka ukuta wa ndani, kwenye pembe, akajibana naye hapo. Kivuli kikapita tena. Akamvuta karibu zaidi.

Castory alizima mashine. Akashuka, akasema yeye hagusi nyumba yenye mtu, wampe kazi mwingine au wamfukuze. Kwa hiyo Luqmani akaita mgambo. Walipiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka na kipande cha ukuta. Hawakutumia nguvu kwa mgonjwa, lazima isemwe. Walimbeba na godoro wanne, kila mmoja akisema pole, wakimpinda kidogo kwenye kizingiti. Mboni alitembea nyuma yao ameshika kile kikombe cha uji. Alipompita Castory, dereva yule akainamisha kichwa.

"Mama, nisamehe."

"Anza na jikoni," Mboni akamwambia. "Huko hajawahi kulala."

Pa kumweka mgonjwa hapakuwa na mjadala, maana palikuwa na sehemu moja tu yenye kivuli: hema la mradi, lililosimamishwa jana yake kwa ajili ya wageni, jeupe, kubwa, na pande zote limechorwa kifuu wanaotabasamu. Kifuu hatabasamu, hana midomo ya kazi hiyo, lakini mchoraji alilipwa kwa tabasamu. Wakamlaza Idarusi katikati ya viti vilivyofungwa utepe. Upande wa bahari wa hema ulikuwa umefunguliwa. Jicho lile halikufumba, kwa hiyo liliona. Liliona jiko likianguka, liliona ukuta wa mbele na weupe wake wote ukiinama kama mtu anayetafuta kitu chini, mpaka Mboni akavua upande wa kanga yake akalifunika.

Wakakaa hivyo. Vumbi likaingia, likatua kwenye viti. Mkono mzima wa Idarusi ukapapasa mpaka ukampata mkewe.

"Nyumbani?" akauliza chini ya kanga.

"Nyumbani," Mboni akasema.

Mkono ukatulia. Mashine ilikuwa bado inanguruma, na ukweli ni kwamba Mboni hajui mpaka leo kama ulitulia kabla au baada ya jibu.

Safari hii Mboni alipotoka kusema mumewe amekufa, hakuna aliyeamini. Luqmani akasema tungoje kidogo. Imamu akaja mwenyewe, akashika mkono wa kulia, si wa kushoto, akaweka kioo puani, akamwita kwa jina lake na la mama yake. Muoshaji alikataa kufika kabla hajaletewa habari na watu watatu waaminifu. Msikiti nao ukasita kutangaza, maana tangazo la asubuhi lilikuwa halijafutwa. Mwishowe alitangazwa kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na kwa kuwa kaburi lake lilikuwa na mgomba, wakachimba lingine ubavuni mwake. Waliochimba walikuwa nusu ya wale wa asubuhi. Wengine walisema wamechoka kuzika.

Jioni hiyo Luqmani alikuwa wa kwanza kukumbuka eda, na alikumbuka kwa mawazo ya kumpeleka mjane Mabawa kwa mwanawe kabla wageni hawajafika. Imamu akamuuliza.

"Mjane anakaa eda wapi?"

"Nyumbani kwa mumewe."

"Iko wapi?"

Luqmani akaonyesha kifusi, akashusha mkono.

"Basi atakaa pale msiba ulipomkuta," imamu akasema. "Msiba ulimkuta humu. Shusheni pazia."

Ndivyo hema la mradi lilivyogeuka nyumba ya eda. Kesho yake wageni walipowasili walikalishwa juani mbele ya rundo la mawe, wakapewa maji ya chupa, wakaelezwa kwamba ndani kuna mila. Waliandika neno hilo. Precious aliingia kwa Mboni akiwa amevimba macho, akapiga magoti mbele ya mkeka. Mboni akamwambia anyanyuke, mchanga utamchafua.

Kifusi kilishushwa majini kwa mitumbwi, mawe ya safu nzima ya mbele, jiko juu ya sebule, shubaka la ukuta wa mtu juu ya choo cha mwenzake. Na kifuu wakaja. Hilo nalo lazima lisemwe, hata kama linaudhi: wakaja kweli, kwa makundi. Precious alikuwa akipita hemani kila akitoka kuzamia, nywele zinachuruzika, kumpa mjane habari.

"Mama, wamejaa. Kwenye mawe yenu ndiko walikojaa zaidi. Yana vitundu."

"Ni ya zamani. Tuliyachagua."

"Nikipeleka mkono hivi, wote wanaingia ndani. Hawakimbii kabisa."

Mboni aliendelea kuvuta tasbihi. "Wakiingia," akasema baadaye, "usiwabishie hodi tena. Waache."

Kutoka hapo Precious akapata lile wazo. Aliona mama huyu anawajua, aliona hema limekaliwa na haliwezi kurudishwa, na aliona ripoti inayotaka jina la mwananchi aliyenufaika. Moyo wake ulikuwa safi alipoandika, na Luqmani akakubali, kwa kuwa ndiye aliyezungumza naye mwisho. Ikapangwa sherehe mpya ya uzinduzi, na wageni wale wale wakarudi, safari hii na miavuli, na mgeni rasmi akasimama mbele ya pazia akausoma uteuzi: mheshimiwa, milia mitatu, mali ya dunia, Mama Mlezi. Akaongeza ya kwake. Akasema mawe ya nyumba hii yalizaliwa baharini, yakakopwa na binadamu, na leo, kwa kujitolea kwa mama huyu, yamerudi kuwa nyumba ya viumbe wasio na sauti. Akasema kama kuna mfano wa mtu aliyetoa makazi yake kwa ajili ya makazi ya wengine, dunia isitafute mbali. Watu wakapiga makofi. Castory, aliyekuwa amekuja kuleta mawe ya mwisho, hakupiga.

Kwa kuwa mjane wa eda hatoki mbele za wanaume, kipaza sauti kilipitishwa chini ya pazia. Precious alikipokea upande wa ndani, akakishika karibu na kinywa cha mama.

"Mama Mlezi," mgeni rasmi akasema, ameinamisha kichwa kuelekea kitambaa, "una neno gani kwa kifuu, na kwa sisi, na kwa vizazi vijavyo?"

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Hema linavuja," akasema Bi Mboni.